Mtaa ukifungwa tena, hesabu ianze jikoni na chooni

Mhariri,

Tarehe 6 Mei 2020, Waziri wa Afya wa wakati huo, Mutahi Kagwe, alitangaza kuwa hakuna kuingia wala kutoka Mji wa Kale hapa Mombasa, na Eastleigh kule Nairobi, kwa muda wa siku 15, ili kuzuia korona. Ramadhani ilikuwa imefika katikati. Masoko, mikahawa na maduka makubwa yaliyo ndani ya maeneo hayo yakafungwa. Kafyu ya saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri, ambayo nchi nzima ilikuwa nayo tangu 27 Machi, ikabaki pale pale. Zile siku 15 zikaongezwa, na mitaa hiyo miwili haikufunguliwa hadi mapema Juni.

Kama amri ile ilifaa ama haikufaa, wengi wamekwisha kulisema. Hapa nataka tuzungumze jambo ambalo halikusemwa vya kutosha: namna watu wa nyumba moja wanavyoishi siku 15 au 30 bila kutoka mtaani. Kufunga mtaa ghafla kuna sababu yake. Ukitoa ilani ya siku tatu, mwenye gari na jamaa mahali pengine ataondoka, na huenda akaondoka na ugonjwa. Kwa hiyo amri kama ile ikirudi, itarudi jioni kupitia redioni, na usiku huo huo vizuizi vitakuwa barabarani. Muda wa kujiandaa hautakuwapo. Mpox ilipothibitishwa Taita Taveta mwisho wa Julai 2024, tulikumbushwa kwamba magonjwa mapya yanapita njia zile zile za malori na mabasi yetu. Hesabu za nyumba na za mtaa zapasa kukaa tayari wakati hakuna ugonjwa.

Nitachukua nyumba ya watu sita kwa siku 15. Zidisha watu kwa siku, upate 90. Namba hiyo ndiyo itakayobeba sehemu kubwa ya barua hii, na kila nyumba yaweza kuweka namba yake mahali pa hiyo yangu.

Tuanze na maji, kwa sababu huisha kabla ya unga. Kipimo cha chini kinachotumiwa na mashirika ya misaada ni lita 15 kwa mtu kwa siku, yaani kunywa, kupika, kuoga na kufua kidogo. Watu sita ni lita 90 kila siku, sawa na mitungi minne na nusu ya lita 20. Kwa siku 15 ni mitungi 68. Hakuna nyumba ya Kibokoni wala Kuze, mitaa ya Mji wa Kale, yenye pa kuweka mitungi 68, kwa hiyo maji lazima yaendelee kuingia kila siku, na mjini kwetu mifereji inapokauka maji huingia kwa mkokoteni. Kasoro ya kwanza iko hapo. Msukuma mkokoteni mara nyingi halali mtaa anaouza maji. Amri isemayo hakuna kuingia humfungia nje yeye kabla ya kuifungia nje korona. Cheti chake cha kupita kizuizini kinafaa kuandikwa siku ile ile amri inapoandikwa, si baada ya wiki ya malalamiko.

Nyumba nayo ina njia ya kupunguza mzigo. Visima vya Mji wa Kale vina maji ya chumvi, na watu huyadharau, lakini yanafaa kwa choo, kwa kupiga deki na kwa kuoga. Maji matamu yanahitajika kwa kunywa na kupika tu: lita tatu za kunywa na lita zisizozidi sita za jikoni kwa kila mtu. Hivyo watu sita wanahitaji lita 54 za maji matamu, mitungi mitatu isiyojaa, badala ya minne na nusu. Tatizo la maji ya chumvi ni kwamba sabuni ya mche haitoi povu ndani yake, ikaacha utando mweupe kwenye nguo na ngozi. Tumia sabuni ya unga au ya maji kwa kufulia, na suuza mara ya mwisho kwa maji matamu kidogo. Sabuni yenyewe, ya kuoga na ya kufua, hesabu gramu 450 kwa mtu kwa mwezi. Kwa nusu mwezi watu sita wanatumia karibu kilo moja na nusu, na kwa kuwa mikono itanawiwa zaidi ya kawaida, weka kilo mbili.

Tena, Mei ni mwezi wa masika makubwa hapa pwani, na maji mengi yakamwagika kutoka mapaa ya bati hadi baharini huku watu wakisubiri mkokoteni. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ya paa ni lita moja. Kipande cha paa cha mita nne kwa tano, mvua ikinyesha milimita 10, kitatoa lita 200. Toa moja ya tano kwa maji yanayorukia pembeni, bakia na 160. Hiyo inatosha siku moja na zaidi kwa nyumba yetu ya watu sita. Acha maji ya dakika kumi za kwanza yaende zake, kwa sababu ndiyo yanayoosha kinyesi cha kunguru na vumbi, kisha kinga. Ya kunywa yachemshwe.

Kunawa mikono kwa kutumbukiza kikombe ndani ya ndoo ni kunawia uchafu wa aliyetangulia. Kibuyu chirizi kinashinda ndoo, na gharama yake ni dumu la lita tano, msumari, kamba na kijiti. Pasha msumari mwembamba moto, toboa tundu moja upande ulio mkabala na mkono wa dumu, juu, chini kidogo ya shingo. Ning'iniza dumu kwa kupitisha mti au bomba kwenye mkono wake. Funga kamba shingoni, ishuke hadi kwenye kijiti cha kukanyaga kilicho shubiri moja juu ya sakafu. Jaza maji yafike chini ya tundu, yasilivuke. Ukikanyaga, dumu linainama na maji yanachirizika, ukiachia, linasimama. Wengi hutoboa tundu karibu na kitako, maji yakavuja usiku kucha, wakasema kifaa hakifai. Wengine hutumia msumari wa inchi nne, dumu likaisha kwa watu watano. Katika nyumba za mawe ambazo hazina udongo wa kuchimbia nguzo, nondo za dirisha la uani zinatosha kubeba dumu. Sabuni itobolewe na kuning'inizwa kwa kamba yake mwenyewe, isilale ndani ya maji ikayeyuka.

Sasa chakula. Kipimo cha kumtosha mtu mzima ni gramu 400 za nafaka kwa siku, gramu 60 za jamii ya maharagwe, gramu 25 za mafuta na gramu 5 za chumvi. Zidisha kwa 90. Nyumba yetu inahitaji kilo 36 za unga na mchele kwa pamoja, kilo tano na nusu za maharagwe, kunde, mbaazi au pojo, lita mbili na nusu za mafuta, na nusu kilo ya chumvi. Kama kuna watoto wadogo hesabu hiyo itabakiza kidogo, nacho kitasaidia siku zikiongezwa, kwa maana mara nyingi huongezwa.

Naomba wanaogawa msaada waitazame namba hiyo tena. Kilo 36 kwa siku 15 ni kilo mbili na gramu 400 kwa siku. Pakiti moja ya unga ya kilo mbili haimalizi siku moja katika nyumba ya watu sita. Mfuko wenye pakiti mbili za unga, kilo ya maharagwe na chupa ya mafuta, unaopigwa picha wakati wa kukabidhiwa, ni chakula cha siku moja na nusu kwa upande wa nafaka. Si kwamba haufai. Wapokeaji wanashukuru, nao wanastahili kuupata. Lakini aliyeutoa asidhani amewatosheleza wiki. Mtaa ukifungwa siku 15, kila nyumba isiyo na mshahara wa mwezi inahitaji mifuko hiyo kumi hivi, au pesa zinazolingana nayo.

Na pesa ni bora kuliko mfuko, maadamu kuna duka lililo wazi ndani ya mtaa. Mfuko unahitaji foleni, na foleni katika uchochoro wenye upana wa mita mbili ndiyo ile ile tuliyofungiwa ili tusiipange. Mwaka 2020 kutuma hadi shilingi 1,000 kwa simu hakukuwa na ada, kuanzia katikati ya Machi hadi mwisho wa Desemba, na jambo hilo moja liliwasaidia watu wa kipato cha siku kuliko hotuba nyingi. Mtu aliye Nairobi au Muscat aliweza kupata wa kumtumia mamake kidogo kidogo, elfu kwa elfu. Ikiwa lazima mfuko ugawiwe, ufikishwe mlangoni na watu wa Nyumba Kumi kwa orodha ya mlango kwa mlango, si kwa majina, kwa sababu orodha ya majina huandika watu wawili wa nyumba moja na kuiruka nyumba ya jirani.

Mboga ndizo zinazoleta shida zaidi, hasa kwa wasio na friji. Ushauri unaozunguka kila mara ni kukausha mboga juani. Kwa bara ya ukame ni ushauri mzuri. Kwa Mombasa mwezi wa Mei ni kupoteza mboga: hewa imejaa unyevu, mvua haikatiki, na majani ya kunde huota ukungu kabla ya kukauka. Badala yake nunua vinavyokaa vyenyewe. Kabichi zima lisilokatwa, karoti, boga zima, vitunguu na nazi katika maganda yake hukaa wiki mbili kwenye kivuli chenye upepo. Muhogo ukishang'olewa huharibika ndani ya siku mbili tatu. Fukia kwenye mchanga wenye unyevu, utasogea mbele kidogo. Mchicha uliwe siku ya kuletwa.

Kuna jambo jingine ambalo akina mama wa Kihindi wa mjini wanalijua tangu zamani: kuotesha pojo. Loweka kikombe kimoja usiku kucha, mwaga maji, funika kwa kitambaa kibichi, suuza kwa maji safi asubuhi na jioni. Siku ya pili au ya tatu yana mikia ya sentimita mbili, na yamepata vitamini C ambayo punje kavu ina kidogo tu. Zikaangwe au zichemshwe dakika chache kabla ya kuliwa. Ukisahau kuzisuuza mara mbili kwa siku katika joto letu, zitachacha na kunuka, hizo tupa.

Maharagwe mekundu yana sumu ambayo huondoka kwa kuchemka tu. Yaloweke kwa muda wa saa nane hadi kumi na mbili, mwaga maji ya kulowekea, kisha chemsha kwa moto mkali nusu saa kabla ya kupunguza moto. Nasisitiza kwa sababu watu wakipungukiwa mkaa huweka sufuria kwenye moto hafifu tangu mwanzo, nyumba nzima ikaamka na kutapika, na katika wakati wa ugonjwa kila anayetapika anadhaniwa ameambukizwa.

Moto unahitaji hesabu yake. Wanne waliokuwa wakila mchana shuleni na kazini sasa wanakula nyumbani, kwa hiyo mtungi wa gesi wa kilo 6 uliokuwa ukifika mwezi hautafika. Ili ujue gesi iliyobaki, tafuta namba ya uzito wa mtungi mtupu iliyogongwa kwenye chuma, pima mtungi kwa mzani wa dukani, toa. Usiutikise, kutikisa hakukuambii lolote. Kisha weka kapu la joto. Chukua kapu kubwa au katoni, tandika chini na pembeni blanketi kuukuu, vitambaa au magazeti yaliyofinyangwa kwa unene wa kiganja, acha shimo la kutoshea sufuria. Maharagwe yaliyolowekwa yakisha kuchemka ile nusu saa, funika sufuria vizuri, iingize kapuni ikiwa bado inatokota, weka mto juu, usifungue kwa saa tatu au nne. Yataiva yenyewe. Wali unahitaji dakika tano tu za moto na saa moja ya kapu. Mambo matatu huliharibu: sufuria iliyojaa nusu tu, ambayo hupoa haraka; mtu anayefungua kuchungulia; na chakula kinachoachwa humo tangu adhuhuri hadi daku, kikawa vuguvugu, hali inayopendwa na vijidudu. Kirudishe motoni kitokote kabla ya kuliwa.

Seredani isilale ndani. Kafyu huwafanya watu wafunge milango na madirisha mapema, na mkaa unaowaka ndani ya chumba kilichofungwa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu. Anayekufa kwayo hufa usingizini. Kama mvua inanyesha na huna uwanja, pika kando ya dirisha lililo wazi, na usiku toa seredani nje hata kama kilichobaki ni majivu yenye wekundu kidogo.

Ramadhani ilizidisha ugumu kwa namna ambayo waliotunga saa za kafyu huenda hawakuipigia hesabu. Jua la Mombasa mwezi wa Mei huzama kama saa kumi na mbili na robo. Kati ya adhana ya magharibi na kafyu zilibaki chini ya dakika 45. Misikiti ilikuwa imefungwa, kwa hiyo tarawehe ilisaliwa nyumbani, na kwa hilo watu walizoea. Lakini muuza mahamri, muuza viazi vya karai na muuza mkate wa mofa, ambao kazi yao yote ya mwezi huo iko kati ya alasiri na isha, walipoteza pato la mwaka. Amri nyingine ikiangukia Ramadhani, saa mbili za kuuza kwa kupeleka mlangoni, baada ya alasiri, hazitaongeza ugonjwa, nazo zitaokoa nyumba nyingi zisihitaji mfuko wa msaada.

Tuje kwa mgonjwa. Mwanzoni watu waliopelekwa karantini walitakiwa kulipia malazi yao, na hofu ya gharama ile pamoja na aibu ya kuchukuliwa na gari mbele ya majirani iliwafanya wengi wakwepe kupimwa. Baadaye, Juni 2020, serikali ilitoa mwongozo wa kuwatunza nyumbani wasio na dalili kali. Uamuzi mzuri, ila mwongozo uliomba chumba cha peke yake na choo cha peke yake, na nyumba nyingi hazina. Basi fanya hivi. Pazia halizuii hewa. Dirisha ndilo lifanyalo kazi. Mei upepo wetu ni wa kusi. Tazama hewa inaingilia wapi na inatokea wapi, kwa kushika uzi au karatasi nyepesi dirishani. Mgonjwa alale upande ambao hewa inatokea, na wazima upande inakoingilia. Ukimlaza panapoingia upepo, utakuwa umempa upepo umpulizie kila mtu pumzi yake. Madirisha yasifungwe usiku. Mbu wazuiwe kwa chandarua. Kichwa cha mmoja kielekee miguu ya mwenzake. Mtunzaji awe mmoja, si mzee, wala mwenye sukari au presha. Wote wawili wavae barakoa wakiwa chumba kimoja, ya tabaka tatu, pamba ndani. Ifuliwe kila siku na kukauka kabisa kabla ya kuvaliwa tena, kwa sababu barakoa mbichi hushikana na mdomo na mtu huishusha kidevuni.

Choo cha pamoja: mgonjwa awe wa mwisho asubuhi, dirisha libaki wazi, na mahali alipogusa papanguswe kwa maji ya klorini. Chupa za dukani nyingi, kama Jik, zina nguvu ya asilimia 3.5, soma lebo. Vijiko viwili vikubwa, yaani mililita 30, katika lita moja ya maji baridi, hutoa dawa ya asilimia 0.1 inayotosha kwa vitasa, mabomba na sakafu. Iache dakika kumi kabla ya kupangusa. Changanya ya siku moja tu, maana hupoteza nguvu. Isichanganywe kamwe na asidi ya kusafishia choo: hutoa gesi inayounguza mapafu, na watu wameifanya kosa hilo wakidhani mbili ni bora kuliko moja. Kuosha nyanya kwa klorini au sabuni hakuna faida dhidi ya korona. Maji safi yanatosha. Wala kunyunyizia barabara dawa hakuna faida, na vile vibanda vya kunyunyizia watu, kama vilivyowekwa kivukoni Likoni, viliwachoma watu macho bila kuua virusi vilivyomo kifuani mwao. Klorini ile ingegawiwa nyumba kwa nyumba katika chupa ingefanya kazi zaidi.

Kama nyumba kumi zinaweza kuchanga zinunue kipima oksijeni kimoja cha kidole, kizunguke, kikipanguswa kwa spiriti kila kinapohama. Kikisoma chini ya 94 mtu akiwa ametulia na vidole vina joto, mpigie mhudumu. Chini ya 90, usingoje asubuhi. Rangi ya kucha na kidole baridi hukidanganya kifaa, kwa hiyo ondoa rangi, sugua mkono, pima tena.

Wenye maradhi ya kudumu ndio wanaosahauliwa. Dawa za presha, sukari, kifua kikuu na HIV ziombwe za miezi mitatu kila inapowezekana. Insulini iliyofunguliwa hukaa siku 28 ikiwa joto halizidi nyuzi 30, na hapa pwani joto hulifikia hilo. Wengi hushauriwa waiweke ndani ya chungu kilichozungushiwa mchanga wenye maji. Chungu kile hupooza kwa maji kukauka hewani, na hewa ya Mombasa ya Mei haikaushi. Utapata nyuzi mbili tatu tu. Ni afadhali chumba cha chini cha nyumba ya mawe, ukutani kusikopigwa na jua, au friji ya jirani iliyokubaliwa mapema. Mja mzito aliyebakiza wiki sita awe na namba za madereva wawili walio ndani ya kizuizi, kadi ya kliniki ndani ya mfuko wa nailoni, na barua fupi ya kliniki inayotaja mwezi anaotarajia kujifungua. Uchungu mara nyingi huanza usiku, na askari aliye kizuizini hahitaji maelezo akiwa na karatasi mkononi.

Kuhusu watoto nitasema kidogo. Shule zilifungwa katikati ya Machi 2020. Wa darasa la nne, la nane na kidato cha nne walirudi 12 Oktoba, na waliobaki Januari 2021. Katika nyumba yenye simu moja na watoto watatu, vipindi vya redio vya KBC vilikuwa na maana kuliko masomo ya intaneti, kwa sababu redio haili bando na watatu husikiliza pamoja. Saa mbili za masomo kwa siku zatosha. Anayelazimisha saa sita atagombana nao hadi kafyu iishe. Wapelekwe darini au uani asubuhi na jioni wakimbie, kwa zamu na watoto wa ghorofa nyingine. Na wakubwa waambiwe namba mbili, ziandikwe mlangoni bila haya: 116 ya watoto na 1195 ya wanaopigwa au kudhulumiwa nyumbani. Kufungiwa pamoja na mtu mkali ni hatari isiyopungua ugonjwa.

Nimeacha choo mwisho, nacho ndicho kilichoniandikisha barua hii. Watu sita wakishinda nyumbani kutwa, choo kilichokuwa kikitumiwa asubuhi na usiku sasa kinatumiwa saa 24. Maji ya kunawa mara kumi kwa siku nayo humiminika humo humo. Tangi la maji taka lililokuwa likinyonywa kila baada ya miezi mitatu hujaa kabla ya miezi miwili. Gari la kunyonya haliingii vichochoroni. Huegesha barabara kubwa na kuvuta bomba refu, na nyumba ikiwa ndani sana, wafanyakazi hubeba kwa mapipa. Gari na wafanyakazi wote hutoka nje ya mtaa. Lisipopita, maji machafu hutokea uchochoroni, hapo hapo watoto wanapocheza na mkokoteni wa maji unapopita, na kwa masika hayo yanafika visimani. Tukiwa tumejificha korona tutakuwa tumeikaribisha kipindupindu.

Kwa hiyo ombi langu kwa kaunti, machifu na wazee wa mitaa ni karatasi mbili. Ya kwanza ni daftari la kila Nyumba Kumi, lenye mistari minne kwa kila mlango: watu wangapi na wenye umri gani, nani anatumia dawa za kila siku au ni mja mzito, maji hutoka wapi, tangi la choo lilinyonywa lini. Lihuishwe kila Januari na Julai na wahudumu wa afya wa jamii, ambao huzunguka milango hiyo kwa vyovyote, na lisitumiwe kwa jambo jingine lolote, ama watu wataficha. Ya pili ni orodha ya wapita kizuizi iliyokwisha kupigwa muhuri: wasukuma mikokoteni ya maji, wauza gesi, wakunga, wenye maduka ya dawa, wazoa taka, na magari ya kunyonya choo pamoja na namba zake za usajili. Orodha hiyo ikae kwa chifu na nakala yake iwe kituo cha polisi cha Central, ili usiku wa amri asiwepo wa kuuliza nani aliruhusu gari la maji taka kuingia.

Mkazi wa Kibokoni,
Mombasa